Mji wa Watu Laki Tatu Ambao Hawakufika

Ndugu msomaji, wahenga walisema mipango si matumizi. Wengi wetu methali hii tunaikumbuka mwisho wa mwezi, pale mshahara unapokwisha kabla ya madeni. Leo nataka kuitumia kwa jambo kubwa kuliko mfuko wa mtu mmoja. Nataka kusimulia habari za mji uliopangiwa watu 300,000, ukatengewa ardhi, ukachorewa ramani, ukapandiwa hata miti ya kivuli, halafu watu wenyewe wakaja theluthi tu. Mji huo uko Australia, unaitwa Albury-Wodonga, na pembeni yake kuna kitongoji kiitwacho Thurgoona ambacho ndicho hasa kilichonivuta kushika kalamu.

Utaniuliza, Australia yatuhusu nini? Swali halali kabisa. Kwanza, kila kijana anayetaka kuoa anaijua hesabu ya kodi ya chumba, na hesabu hiyo haina taifa. Pili, katika mitaa ya mji huo leo unaweza kusikia Kiswahili kikisemwa dukani na mbele ya geti la shule. Kimefikaje huko? Nitafika hapo, usiwe na haraka.

Tuanze na mahali penyewe. Albury na Wodonga ni miji miwili inayotazamana, na katikati yake unapita mto Murray, ulio mrefu kuliko yote nchini humo. Albury iko kaskazini, katika jimbo la New South Wales. Wodonga iko kusini, katika jimbo la Victoria. Kutoka Albury mpaka Sydney ni kiasi cha kilomita 550, na mpaka Melbourne ni zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo mtu wa pale yuko baina ya majiji mawili makubwa lakini si wa hili wala si wa lile. Ni mtu wa mkoani, kama tusemavyo sisi, ingawa mkoa wake una lami mpaka mlangoni.

Wenyeji wa Albury kabla ya wote ni Wawiradjuri, walioishi kandokando ya mto huo kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1824 wapelelezi Hamilton Hume na William Hovell walifika mtoni hapo, na kabla ya miaka ishirini kupita wafugaji wa Kizungu walikuwa wamekwisha kuleta ng'ombe na kondoo wao na mji umekwisha kupimwa. Sheria ya Waingereza ilichukulia kwamba ile ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Eti isiyo na mwenyewe! Uongo huo haukufutwa mpaka tarehe 3 Juni 1992, wakati mahakama ya juu kabisa ya Australia ilipotoa hukumu katika kesi maarufu ya Mabo. Naliweka jambo hili mwanzoni kwa makusudi. Huko mbele tutaongea sana juu ya bei za viwanja, basi tukumbuke kwamba mwenye kiwanja wa kwanza hakulipwa hata senti.

Mpaka wa majimbo uliupa mji tabia yake. Reli ya Victoria ilifika Wodonga mwaka 1873, na ile ya New South Wales ikafika Albury mwaka 1881. Lakini wakubwa wa majimbo hawakukubaliana juu ya upana wa njia. Victoria walijenga reli ya milimita 1,600, wenzao ya milimita 1,435. Hata baada ya daraja kuunganisha pande mbili mwaka 1883, treni ya huku haikuweza kwenda kule. Abiria wa kutoka Sydney kwenda Melbourne walishushwa Albury usiku, na mizigo yao, wavuke jukwaa wapande treni nyingine. Mwandishi Mmarekani Mark Twain alipita hapo mwaka 1895 akashangaa na kucheka. Kichekesho hicho kiliendelea mpaka mwaka 1962, ndipo treni moja ikaweza kwenda moja kwa moja. Ukitaka kuelewa kwa nini mji huu ulipendwa na wapangaji wa mipango, shika hapo: lilikuwa ni pahala ambapo majimbo mawili hayakuweza kukwepana.

Sasa tuje kwenye watu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, serikali ya Australia iliingiwa na hofu kwamba nchi ni kubwa na watu ni wachache. Ikaamua kuleta wahamiaji kwa maelfu kutoka Ulaya. Tangu mwaka 1901 ilikuwepo sheria ya kuzuia watu wasio Wazungu, na sera hiyo haikuzikwa kabisa mpaka mwaka 1973. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa, lakini ulifunguliwa kwa rangi moja. Karibu na Wodonga palikuwa na kambi ya jeshi iitwayo Bonegilla. Kambi hiyo iligeuzwa kuwa mapokezi ya wahamiaji, na kuanzia mwaka 1947 mpaka 1971 walipita hapo watu zaidi ya 300,000. Itazame namba hiyo vizuri, maana tutakutana nayo tena.

Watu wa Bonegilla walikuwa Walatvia, Walithuania, Wapoland, Wajerumani, Waitalia, Waholanzi, Wayugoslavia na wengineo. Wa mwanzo walikuwa wakimbizi wa vita, na waliletwa kwa mkataba wa kufanya kazi yoyote watakayopangiwa kwa miaka miwili. Mhandisi akashika sururu, daktari akafagia wodi. Walilala kwenye mabanda ya mbao na mabati, baridi ya Julai ikipenya, maana huko Julai ndiyo kipupwe. Chakula kilikuwa nyama ya kondoo, kesho kondoo, keshokutwa kondoo. Mwaka 1952 na tena mwaka 1961 walifanya ghasia, kwa sababu waliahidiwa kazi na kazi haikuwepo. Watu hao walio laki tatu na ushei walipita tu. Walikwenda Melbourne, Sydney na kwenye mabwawa ya umeme milimani. Wachache ndio waliobaki kujenga pale pale mtoni.

Watu hawa walitaka nini? Nyumba. Australia ya miaka ile ilikuwa na imani moja ambayo karibu kila mtu aliishika, awe mlei awe mcha Mungu: mtu mzima ni yule mwenye nyumba yake juu ya kiwanja chake cha robo ekari, yenye bustani mbele na kamba ya kuanikia nguo nyuma. Mwaka 1947 karibu kaya 53 katika kila 100 ziliishi kwenye nyumba za kwao. Ilipofika mwaka 1966 zilikuwa karibu 71 katika 100. Katika miaka ishirini tu! Mishahara ya viwandani ilitosha, riba ilikuwa ya kuvumilika, na serikali za majimbo zilijenga nyumba nyingi za gharama nafuu, nyingine zikauzwa kwa wapangaji wenyewe.

Lakini nyumba hizo zilijengwa wapi? Pembezoni mwa majiji. Sydney na Melbourne zilitambaa kama mbuyu uliolala chini. Viwanja vikapanda bei, barabara zikawa za vumbi, na mitaa mizima haikuwa na mabomba ya maji taka. Gough Whitlam, kiongozi wa chama cha Labor, alikuwa akiishi Cabramatta, magharibi mwa Sydney, na aliyajua matatizo hayo kwa pua yake mwenyewe. Aliposhinda uchaguzi tarehe 2 Desemba 1972, chama chake kikirudi madarakani baada ya miaka 23, aliingia na ahadi juu ya miji. Alianzisha wizara mpya ya maendeleo ya miji na mikoa, akamkabidhi Tom Uren, mtu aliyewahi kuwa mfungwa wa Wajapani wakati wa vita. Hoja yao ilikuwa rahisi: kama majiji yamejaa, jengeni mengine mikoani.

Mji wa kwanza kuteuliwa ulikuwa Albury-Wodonga. Oktoba 1973 Whitlam alitia saini mkataba pamoja na mawaziri wakuu wa majimbo mawili, Robert Askin wa New South Wales na Rupert Hamer wa Victoria, ambao wote wawili walikuwa wa chama pinzani. Wapinzani kukaa meza moja kwa ajili ya viwanja, hilo peke yake lilikuwa habari. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 2000 mji uwe na watu 300,000. Je, wakati huo walikuwa wangapi? Ukijumlisha pande zote mbili, hawakufika hata 50,000.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi yangu, kwa hiyo naomba utulie. Wapangaji wale waliijua tabia ya ardhi. Serikali ikitangaza kwamba hapa pataota mji, kesho yake walanguzi wamekwisha kununua mashamba yote, na kesho kutwa wanaiuzia serikali hiyo hiyo kwa bei mara kumi. Jasho la umma linakuwa faida ya mjanja mmoja. Ili kulizuia hilo ziliwekwa sheria kwamba ardhi itakayochukuliwa ihesabiwe thamani yake bila kuongeza ile thamani iliyoletwa na mpango wenyewe. Likaundwa Shirika la Maendeleo la Albury-Wodonga, likaanza kununua mashamba: hapa la ngano, pale la kondoo, mpaka likawa ndilo mwenye ardhi mkubwa wa eneo lile.

Kwa mpangaji wa mji hiyo ni busara. Kwa mkulima ni kisu. Fikiria mzee ambaye babu yake alifyeka msitu ule, anaambiwa ardhi yake itakuwa mji mkubwa, ila faida ya mji huo yeye asiitarajie. Kwa nini ajitolee yeye peke yake? Wakulima wengi walinung'unika, na manung'uniko yao yalidumu miaka mingi. Sisemi walikosea. Nami pia siwezi kusema shirika lilikosea. Ndiyo maana historia hunipendeza kuliko hadithi za mtu mwema na mtu mbaya: mara nyingi watu wawili wenye haki hugombania shamba moja.

Basi Thurgoona ikazaliwa hapo. Zamani palikuwa ni pahala pa mashamba, kaskazini mashariki mwa Albury, na shule ndogo ya kijijini. Shirika likapachagua pawe kitongoji cha familia. Barabara zilichorwa zikizunguka badala ya kunyooka, na vichochoro vya makazi vikaishia kwenye duara ili magari yasikatize na watoto wacheze. Njia za miguu zikapitishwa katikati ya nyasi, viwanja vya michezo vikatengwa kabla ya nyumba, na miti ikapandwa kwa mamilioni katika eneo zima la mpango. Lengo lilikuwa mfanyakazi wa kawaida apate kiwanja chenye maji, umeme na barabara kwa bei isiyomvunja mgongo, kwa sababu muuzaji alikuwa ni umma, na umma haukuwa na haja ya kusubiri bei ipande.

Mbona basi watu hawakufika?

Sababu ya kwanza ilitoka mbali. Mwezi ule ule wa Oktoba 1973 ambao mkataba ulitiwa saini, vita vilipiganwa Mashariki ya Kati na mafuta yakapanda bei dunia nzima. Miaka ya neema iliyoanza baada ya vita ikakatika. Viwanda vilivyotarajiwa kuhamia mikoani vikaanza kupunguza watu hata kule vilikokuwa. Whitlam mwenyewe, mwezi Julai mwaka huo, alikuwa amepunguza ushuru wa bidhaa za nje kwa robo nzima, na viwanda vya nguo na viatu, ambavyo ndivyo vilivyopenda miji midogo, vikapata pigo.

Sababu ya pili ni vitanda vya watoto. Mwaka 1961 mwanamke wa Australia alikadiriwa kuzaa wastani wa watoto 3.5. Kufika mwaka 1976 wastani huo ulikuwa umeshuka chini ya 2.1, kiwango ambacho kizazi kinajirudisha chenyewe tu. Vidonge vya uzazi vilikuwa vimefika, wanawake wameingia makazini na vyuoni. Wapangaji walikuwa wamehesabu watoto ambao wazazi wao waliamua kutowazaa. Ramani ilichorwa kwa familia za mwaka 1961, ikakabidhiwa kwa familia za mwaka 1976.

Sababu ya tatu ni siasa. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Mkuu alimfukuza Whitlam kazi, tukio ambalo Waaustralia wanabishania mpaka leo. Malcolm Fraser aliyemfuata alikuwa mtu wa kubana matumizi. Kabla miaka ya sabini haijaisha, lengo la watu 300,000 lilikatwa nusu, likawa 150,000. Miaka ya themanini ilipokuwa ukingoni, kazi ya shirika ilikuwa imegeuka: badala ya kununua ardhi, iuze ile iliyobaki. Likaiuza kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka mwisho wa mwaka 2014 likafungwa rasmi.

Usidhani kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 1981 kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha karatasi za magazeti pale Ettamogah, nje kidogo ya Albury, kikila misonobari ya milima ya jirani. Ofisi ya kodi ya taifa ikafungua tawi kubwa. Upande wa Wodonga kulikuwa tayari na kiwanda cha chakula cha mbwa na paka, pamoja na kambi za jeshi ambazo mpaka leo huleta familia changa kila mwaka. Chuo Kikuu cha Charles Sturt kikajenga pale Thurgoona majengo yenye kuta za udongo ulioshindiliwa, yakasifiwa na wasanifu wa nchi nyingi. Lakini kiwanda kile cha karatasi kilifungwa mwezi Desemba 2019. Dunia ilikuwa imeacha kusoma magazeti ya karatasi. Sisi tunaohangaika kupata karatasi ya kuchapia gazeti letu tunaweza kulisoma jambo hilo kwa uchungu wa aina yake.

Katika sensa ya mwaka 2021, Albury ilikuwa na watu karibu 56,000 na Wodonga karibu 43,000. Jumla hazifiki laki moja. Theluthi ya ndoto. Hata hivyo, hebu tuache kidogo kulia na hesabu za serikali tutazame maisha. Thurgoona haikufa. Imekua polepole, mtaa baada ya mtaa, na hata sasa tingatinga zinasawazisha viwanja vipya. Wanaokwenda kuishi pale ni wazazi wenye watoto wadogo: askari, manesi wa hospitali, walimu, mafundi umeme. Mji wa mkoani una mwendo wake: kijana anapofika miaka kumi na minane anaondoka kwenda Melbourne kusoma na kuiona dunia. Akifika thelathini na kitu, ana mtoto mgongoni, anagundua kwamba chumba chake kule jijini ni bei ya nyumba nzima kwao. Ndipo anarudi, au anakuja mwingine aliye kama yeye. Wakati huohuo wazee wanauza mashamba na kusogea karibu na hospitali. Kwa hiyo mji una watoto wengi na wazee wengi, ila katikati pana pengo la vijana.

Kuna na mpangaji mwingine ambaye hakuna sensa inayomhesabu. Ni mnyama mdogo aitwaye squirrel glider, mfano wa kindi, ila hubeba mtoto mfukoni kama kangaruu na huruka kutoka mti hadi mti kwa ngozi iliyotanda ubavuni. Hulala kwenye matundu ya mikaratusi mikongwe, na tundu la namna hiyo huchukua zaidi ya karne kuumbika. Thurgoona ni mojawapo ya makao yake, naye yu hatarini. Wajenzi wa mitaa wanalazimika kumwachia miti. Na yeye ana tatizo la nyumba, tena lake halina mkopo!

Tukirudi kwa binadamu, soko la nyumba lenyewe lilikuwa likibadilika nchi nzima. Mwaka 1989 na mwanzoni mwa 1990 riba ya mkopo wa nyumba ilifika asilimia 17. Familia zilizokopa zikala mkate na chai. Mwaka 1999 serikali iliamua kwamba mtu akiuza mali aliyokaa nayo zaidi ya mwaka mmoja, atozwe kodi kwa nusu tu ya faida. Tayari ilikuwepo nafuu nyingine: mwenye nyumba ya kupangisha akipata hasara, hasara hiyo hupunguza kodi ya mshahara wake. Weka mambo hayo mawili pamoja, utaona kwa nini daktari wa Melbourne, ambaye hajawahi kulala Thurgoona hata usiku mmoja, anunue nyumba pale. Mwaka 2000 ikaja ruzuku ya dola 7,000 kwa mnunuzi wa nyumba ya kwanza. Ilisaidia? Iliwasaidia wauzaji pia, maana kila muuzaji alijua kwamba mteja wake ameongezewa dola 7,000 mfukoni.

Halafu ikaja korona. Tarehe 8 Julai 2020 mpaka wa New South Wales na Victoria ulifungwa, jambo ambalo halijatokea tangu homa kubwa ya mwaka 1919. Polisi walisimama kwenye daraja la Murray. Mji uliopangwa na majimbo mawili kuwa mji mmoja ukakatwa kama mkate. Nesi anakaa huku, hospitali iko kule. Mtoto anasoma huku, bibi yake yuko kule. Watu walihitaji vibali kuvuka mto ambao hapo awali walivuka kununua maziwa. Mpaka ulifunguliwa mwezi Novemba.

Wakati huohuo riba ya Benki Kuu ilishuka mpaka asilimia 0.10, na watu wa majiji waliozoea kufungiwa ndani wakagundua kwamba kazi ya kompyuta inaweza kufanywa hata mkoani. Wakaja na pesa za jijini. Bei zilizokuwa zimetulia kwa miaka zikapaa. Kilichoshindwa kuletwa na mawaziri, mikataba na ramani, kililetwa kwa miezi michache na ugonjwa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kuanzia Mei 2022 riba ikaanza kupanda, na ilipofika Novemba 2023 ilikuwa asilimia 4.35. Aliyekopa sana wakati wa 0.10 alijikuta kwenye kitanzi. Na yule asiyekopa kabisa, mpangaji, akasukumwa nyuma ya foleni.

Na sasa, Kiswahili. Miongoni mwa watu waliopokewa Albury-Wodonga katika miaka ya hivi karibuni ni Wakongo waliokimbia vita vya mashariki mwa nchi yao. Wengi waliishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Uganda, Burundi au Tanzania kabla ya kupewa safari ya Australia. Serikali ilipenda wapelekwe mikoani badala ya majijini, kwa hoja ile ile ya Whitlam. Hivyo, katika mji ambao mwaka 1947 ulipokea wakimbizi wa Ulaya kwa mabanda ya bati, sasa wanafika wakimbizi wa Kivu wakiongea lugha yetu.

Mimi niliyeishia kidato cha nne na ninayeota kuandika riwaya siku moja, sijafika huko. Lakini naweza kuwawazia kinamama wawili kituo cha basi, mmoja mgeni na mwenziwe mwenyeji kidogo.

"Dada, ati huku kodi wanalipa kwa juma?"

"Kwa juma, mama. Na kwanza unatoa ya wiki nne, serikali inaiweka. Ukitoka bila kuharibu, wanakurudishia."

"Si vizuri basi?"

"Ni vizuri. Shida ni kupewa nyumba yenyewe. Wanauliza: ulipanga wapi zamani? Utasema nini? Ulipanga hema?"

Jibu la swali hilo ndilo lililobaki gumu. Dalali akiwa na maombi kumi na matano kwa nyumba moja, atachagua mwenye barua ya mwenye nyumba wa zamani, mshahara wa kudumu na watoto wawili. Familia ya watu wanane iliyotoka kambini haina karatasi hizo. Zaidi ya hayo, nyumba za serikali na za mashirika ya hisani nchini Australia ni karibu 4 tu katika kila 100. Katika sensa ile ya 2021 kodi ya kati kwa nchi nzima ilikuwa dola 375 kwa wiki, yaani nusu ya wapangaji walilipa chini ya hapo na nusu juu ya hapo. Kwa familia yenye mshahara mmoja wa machinjioni au wa kufagia ofisi, hiyo si hela ndogo.

Ndipo narudi kwenye lile shirika lililofungwa mwaka 2014. Watu wengi huliita kioja, mradi wa ndoto za wasomi. Wanacheka ile laki tatu. Mimi nadhani wanacheka mahali pasipo. Namba ilikosewa, ndiyo, kwa kuwa hakuna waziri awezaye kumwamuru mama azae au kiwanda kihame. Watu hufuata kazi, shule na ndugu zao, kama maji yafuatavyo mkondo. Lakini lile wazo la pili, kwamba ardhi ambayo mji utaota juu yake ishikwe kwanza na umma, halikushindwa na watu wasiozaliwa. Liliachwa tu, lengo lilipopunguzwa. Na lilipoachwa, kiwanja kikawa bidhaa kama nyingine, kinachokwenda kwa mwenye pesa nyingi siku ya kuuzwa. Miaka sita baada ya shirika kufungwa, watu wakaanza kufika kwa kasi, na hapakuwa tena na mwenye ardhi wa umma wa kuwapokea.

Yaani mlango ulijengwa ukasubiri wageni miaka arobaini. Wageni walipobisha hodi, mwenye ufunguo alikuwa amekwisha kuuza funguo zote.

Msomaji, popote utakaposikia kwamba mji mpya unakuja, usiulize kwanza ramani ni nzuri kiasi gani, wala watakuja watu wangapi. Namba za watu hujibiwa na watu wenyewe, kwa wakati wao. Uliza ardhi ile leo iko mkononi mwa nani, na itakuwa mkononi mwa nani siku watoto watakapozaliwa. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini ili uingie, lazima kwanza mtu akubali kukufungulia.